Hesabuni mawaa ya mtoto kabla ya arobaini

Mhariri,

Siku ya saba mtoto hunyolewa. Wembe ukishapita na kichwa kikapakwa mafuta, ngozi ya kichwa huonekana yote, kwa mara ya kwanza na pengine ya mwisho kwa miaka mingi. Aliyeshika wembe siku hiyo, awe babu, mjomba au mkunga, anakiona kichwa hicho vizuri kuliko daktari yeyote atakayekuja baadaye. Tunamwomba atazame kama chini ya zile nywele pana waa jeusi, na akiliona asinyamaze kwa kuogopa kumtia mzazi huzuni.

Tunaandika kuhusu mawaa meusi ya kuzaliwa na jinsi yanavyohusiana na ukuaji wa ubongo wa mtoto. Habari hii ni ngeni katika mitaa mingi ya Lamu na Malindi, na hata kliniki hupita bila kutajwa, ilhali ina muda wake maalumu: miezi 6 ya kwanza.

Waa lenyewe ni kipande cha ngozi chenye seli za rangi nyingi kupita kiasi. Mtoto huzaliwa nalo, au hujitokeza katika wiki chache za mwanzo. Lina rangi ya kahawia iliyokoza au nyeusi tititi, ukingo wake hujulikana, mara nyingi limeinuka kidogo ukilipapasa, na baadaye huota nywele nzito. Madogo ni ya kawaida: takriban mtoto 1 katika kila 100 huzaliwa na waa la namna hii. Makubwa, yale ambayo mtoto akishakuwa mtu mzima yatazidi sentimita 20, ni nadra, kama mtoto 1 katika 20,000. Yapo yanayofunika mgongo, matako na mapaja kama vazi la kuogelea, na mtoto wa namna hiyo aghalabu huwa na mengine madogo yaliyotawanyika mwili mzima.

Mtoto mwenye waa moja dogo, na hana dalili nyingine yoyote, aachwe apumue. Uwezekano wa ubongo wake kuguswa ni mdogo mno, na hana haja ya picha ya ubongo. Lakini mtoto aliyezaliwa na mawaa mawili au zaidi, hata kama yote ni madogo kama punje ya dengu, anahitaji picha ya MRI, ile inayopigwa kwa sumaku kuonyesha ndani ya mwili, ya ubongo na uti wa mgongo wote kabla hajatimiza miezi 6. Hapa hesabu ina uzito kuliko ukubwa. Kuhusu waa moja lililo kubwa mno, wapo mabingwa wanaopiga picha na wapo wasiopiga. Kwa maoni yetu rufaa iandikwe, bingwa amwone mtoto na aamue.

Kwa nini mawili? Jibu liko mwanzoni kabisa mwa mimba. Kiinitete kikiwa bado kidogo, huwa na mstari wa seli kando ya mahali patakapokuwa mgongo. Kutokana na mstari huo hupatikana seli za rangi za ngozi, hupatikana sehemu za mishipa ya fahamu, na baadhi ya seli za rangi huishia kwenye utando unaofunika ubongo. Ngozi na ubongo, kwa asili yao, ni ndugu wa tumbo moja. Katika safari hiyo seli moja hupata hitilafu kwenye jeni, mara nyingi jeni iitwayo NRAS. Watafiti wa London walilionyesha jambo hili mwaka 2013. Hitilafu ikitokea mapema, vizazi vya seli ile husambaa huku na huku, vingine ngozini, vingine ndani ya kichwa. Mawaa mengi ni ushahidi kwamba vilisambaa. Kwamba ngozi na ubongo huathirika pamoja si ugunduzi wa jana: tabibu Rokitansky wa Vienna aliueleza ugonjwa huo mwaka 1861.

Hitilafu hiyo haikuwemo kwenye mbegu ya baba wala yai la mama. Hutokea baada ya mimba kutunga, kwa seli moja, bila sababu inayojulikana kutoka kwa chakula, hasira, dawa au kazi ya mama. Mama wa mtoto mwenye mawaa huulizwa kama alijikuna usiku mwezi ulipopatwa, kama alitamani nyama asiipate, kama alimcheka mtu mwenye kilema. Maswali hayo humwumiza mzazi aliye na jeraha bichi bado, na humfanya amfiche mtoto ndani, na kumficha ndiko kunakoipoteza ile miezi 6. Ndugu zake mtoto huyo hawako hatarini kuliko watoto wa jirani. Anayetaka kumsaidia mama wa namna hii amshikie mtoto mkubwa nyumbani siku ya safari ya Mombasa kupiga picha.

Sasa namna ya kuhesabu, maana hapa ndipo makosa mengi hutokea.

Mtoto avuliwe nguo zote, na nepi pia. Awekwe mahali penye mwanga wa mchana, karibu na dirisha au uani penye kivuli. Taa ya njano ya chumbani hufanya kila kitu kifanane. Kabla ya hapo aoshwe wanja. Watoto wetu wengi huchorwa nyusi na hutiwa doa la wanja kwenye paji la uso au utosini, na chini ya doa lile waa la kweli laweza kujificha wiki nzima. Pamba yenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo inatosha: kinachofutika si waa. Kamba za hirizi za kiunoni, mkononi na shingoni zisogezwe, ngozi iliyo chini itazamwe. Anzia utosini, shuka nyuma ya masikio na kisogoni, mikunjo ya shingo, kwapani, katikati ya vidole, viganjani, kifuani, kitovuni, kisha mgeuze: mgongo mzima, mfereji wa matako, sehemu za siri, nyuma ya magoti, nyayo. Mahali panaposahauliwa zaidi ni kichwani, kisogoni na katikati ya matako. Waa la katikati ya mgongo au la kisogoni, kwenye mstari wa uti, lipewe uangalifu wa ziada.

Kila waa lipimwe kwa rula penye upana mkubwa kabisa, na liandikwe mahali lilipo. Waa hukua pamoja na mtoto, kwa hiyo kipimo cha mtoto mchanga hudanganya. Lililo kichwani zidisha mara 1.7 upate ukubwa wake wa utu uzima. La kiwiliwili na mikono zidisha mara 2.8, la miguu mara 3.3. Waa la sentimita 7 mgongoni mwa kichanga litakaribia sentimita 20 akiwa mtu mzima. La sentimita 4 pajani litafika 13. Piga picha kwa simu, rula ikiwa kando ya waa, na uhifadhi tarehe. Picha hiyo itakuwa na thamani kubwa mwaka ujao mtu atakapouliza kama waa limebadilika.

Yapo mambo manne yasiyofaa kuchanganywa na waa hili. La kwanza ni ile alama ya buluu au kijivu juu ya matako na kiuno, bapa, isiyo na ukingo dhahiri, kama jeraha la kupigwa. Watoto wetu wengi huzaliwa nayo, haihusiani na haya tunayosema, na kwa kawaida hufifia kabla ya umri wa shule. Msiihesabu, lakini iandikwe kwenye kitabu cha kliniki ili asije mtu akadhani mtoto alipigwa. La pili ni madoa bapa ya kahawia hafifu, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Moja au mawili si kitu. Yakifika 6 au zaidi, kila moja likizidi milimita 5, hiyo ni dalili ya ugonjwa mwingine wa mishipa ya fahamu, nurofibromatosisi, nao una matatizo yake ya macho na ya kujifunza. La tatu ni mabaka meupe yenye umbo la jani, matatu au zaidi. Kwenye ngozi nyeusi huonekana wazi, lakini huitwa mba au choa na mtoto akapakwa dawa ya fangasi miezi mingi. Mtoto mwenye mabaka hayo anayeshtuka-shtuka apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. La nne ni waa jekundu au la zambarau, bapa, linaloshika paji la uso na kope la juu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri. Huonekana kama ngozi iliyoiva zaidi upande mmoja. Hilo huweza kuambatana na degedege na presha ya jicho.

Turudi kwenye mawaa meusi na ile MRI.

Seli za rangi zilizoingia ndani ya ubongo hubeba melanini, yaani ile rangi yenyewe, na melanini hung'aa nyeupe kwenye aina ya picha ya MRI iitwayo T1. Mtoto mchanga ubongo wake bado haujavikwa mafuta yanayozunguka nyuzi za fahamu, kama mpira unavyozunguka waya wa umeme. Mafuta hayo nayo hung'aa kwenye T1. Kadiri miezi inavyokwenda, ubongo wote unang'aa, na ile chembe ya melanini inamezwa na mwanga unaoizunguka. Picha ya miezi 3 huonyesha kitu ambacho picha ya mwaka 1 na nusu inaweza kukificha kabisa, na mzazi akaambiwa mtoto yu salama. Hiyo ndiyo sababu ya haraka. Aliyechelewa asikate tamaa, kwani picha ya baadaye bado huonyesha maji kichwani, uvimbe na kasoro za uti wa mgongo, ila imepoteza sehemu ya uwezo wake.

Mara nyingi rufaa huharibika kwenye karatasi. Fomu ikiandikwa «MRI ya kichwa» peke yake, uti wa mgongo huachwa. Ikiandikwa «alama ya ngozi» bila maelezo, mpiga picha hajui anatafuta nini. Iandikwe hivi: mtoto wa wiki kadhaa, mawaa meusi ya kuzaliwa, idadi yake, ukubwa wa lililo kubwa kuliko yote, ombi ni MRI ya ubongo na uti wa mgongo wote, picha za T1 zikiwemo, kutafuta melanini, maji kichwani na kasoro za uti. Pia mzazi asikubali abadilishiwe MRI kwa CT, picha ya eksirei ya kompyuta, eti kwa kuwa mashine iko karibu. CT haionyeshi vizuri melanini iliyotawanyika, na ina mionzi, ambayo MRI haina. Ultrasaundi ya utosini ni nzuri kwa kuona maji, na kama kichwa kinakua upesi ifanywe bila kusubiri, lakini melanini haitaiona.

Kichanga cha chini ya miezi 3 hivi mara nyingi hupigwa MRI bila nusukaputi. Hushindishwa bila kunyonya kwa saa 3 hadi 4 kadiri kitengo kitakavyoelekeza, hunyonyeshwa ashibe dakika chache kabla ya picha, hufungwa vizuri kwa shuka isiyo na zipu wala kifungo cha chuma, huzibwa masikio kwa sababu mashine ina kelele kali, kisha hulala ndani ya mashine. Ubongo na uti wote huchukua kama saa moja. Hapa ndipo jiografia yetu inapoingilia. Mama aliyepanda boti alfajiri hadi Mokowe, akashika basi kwa njia ya Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa, mtoto amelala njia nzima. Akifika mashineni yu macho na hataki shuka. Afadhali familia ilale Mombasa usiku mmoja, miadi iwe ya asubuhi, na mtoto azuiwe kusinzia saa mbili za mwisho. Hirizi yenye chuma, pini, herini na kikuku vibaki kwa aliyemsindikiza. Wanja uoshwe wote, maana baadhi huwa na madini yanayoharibu picha na yanaweza kuwasha ngozi ndani ya sumaku.

Mtoto aliyekwisha kuwa mkubwa huhitaji dawa ya usingizi, na hapo kanuni ya kufunga ni kali: saa 6 bila chakula wala maziwa ya kopo, saa 4 bila maziwa ya mama, saa 2 bila maji. Bibi akimwonea huruma akampa kijiko cha uji, picha huahirishwa, kwa sababu mtoto aliyelala usingizi wa dawa akitapika, matapishi huingia mapafuni.

Gharama ni kubwa kwa wengi. Mtoto aandikishwe bima ya afya ya SHA mara tu karatasi ya kuzaliwa inapopatikana, na idhini ya picha iulizwe kabla ya safari, na si pale dirishani Mombasa.

Majibu nayo yana maana zake. Kati ya watoto wenye mawaa mawili au zaidi, karibu mmoja katika watano huonekana kitu kwenye picha. Wengine wote, picha ikiwa safi na mtoto mzima, hawahitaji kurudiwa. Uwezekano wa kupata tabu ya ubongo baadaye ni mdogo sana. Kinachoonekana mara nyingi zaidi ni vijichembe vya melanini ndani ya ubongo wenyewe, hasa amigdala iliyo ndani usawa wa sikio, na ubongo wa nyuma. Watoto wengi wenye hivyo hukua, husema, husoma. Wengine hupata kifafa, au huchelewa kusema, au hupata shida ya kujifunza na kuchangamana, na ndiyo maana wote hufuatiliwa. Picha nzito zaidi ni zile zenye maji kichwani, uvimbe, uti wa mgongo ulioshikamana chini, au melanini iliyotandazwa kwenye utando wa ubongo. Hao ni wa bingwa wa upasuaji wa ubongo, na hawana siku ya kupoteza.

Ufuatiliaji wenyewe hauhitaji mashine. Unahitaji tepu, macho na kitabu cha kliniki.

Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake ya mimba huwa karibu sentimita 35 akizaliwa. Huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi katika miezi 3 ya mwanzo, sentimita 1 kwa mwezi hadi wa 6, kisha nusu sentimita kwa mwezi hadi mwaka. Tepu ipite juu ya nyusi na juu ya masikio, ikazungukie pale kisogo kinapotokeza zaidi. Pima mara tatu, andika kipimo kikubwa. Tepu ya plastiki ya fundi cherehani iliyokwisha kutumika sana imevutika na husoma pungufu. Tumia ya karatasi au isiyovutika. Kipimo kimoja kikubwa kinaweza kuwa kichwa cha ukoo. Mstari unaopanda na kukata mistari mingine kwenye chati ndio wa kuogopesha, na zaidi ukiandamana na utosi uliovimba mtoto akiwa ameketi na katulia, kutapika asubuhi, au macho yanayotazama chini hata weupe ukaonekana juu ya mboni.

Degedege linatupa wasiwasi kuliko yote, kwa sababu pwani yetu ina malaria, na kila mtoto anayepigwa na degedege husemwa ni homa. Pima joto. Pima malaria na sukari ya damu. Kama kuna malaria, itibiwe upesi. Lakini degedege la homa ya kawaida huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Lililokuja kabla ya miezi 6, lililokuja bila homa, lililoshika upande mmoja wa mwili, au lililozidi dakika 15, lisifungwe kwa sindano ya malaria peke yake. Kuna na lile dogo linalopita bila kutambuliwa: mtoto wa miezi 3 hadi 12, akiamka tu, anainama ghafla, mikono inaruka mbele, anatulia, anarudia, mara kumi, mara ishirini. Nyumbani huitwa mchango au msokoto wa tumbo, akanyweshwa dawa ya majani. Mrekodi kwa simu umpelekee daktari. Dakika moja ya video hufupisha miezi ya kubahatisha. Na linapotokea degedege kubwa, mlaze ubavu, tazama saa, usimtie kijiko wala kidole kinywani, usimpe maji, na likizidi dakika 5 mpeleke hospitali katika hali hiyo hiyo.

Hatua za ukuaji zimo kwenye kitabu cha afya ya mama na mtoto. Tunaongeza machache tu. Asiyetabasamu akiwa na miezi 2, asiyeshika shingo kwa miezi 4, asiyekaa bila kuegemezwa kwa miezi 9, asiyetembea kwa miezi 18, apelekwe aonwe. Anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka asisifiwe kuwa ni wa shoto. Huenda mkono wa pili ni dhaifu. Aliyekuwa akisema neno kisha akaliacha, au aliyekuwa akisimama kisha miguu ikalegea, huyo ni wa haraka katika umri wowote. Aliyekwisha kuacha nepi kisha akaanza tena kujikojolea, uti wa mgongo utazamwe.

Kuhusu ngozi tutasema kwa ufupi, ingawa ndiyo familia huuliza kwanza. Msiliunguze waa. Chokaa, maji ya betri, chale, krimu za kujichubua, vyote huacha kovu. Chini ya kovu seli zingali zipo, na hapo mabadiliko mabaya huwa vigumu kuyaona. Krimu za kujichubua zenye zebaki au steroidi kali hupenya ngozi ya kichanga na kuingia damuni. Kulikwangua au kulichoma kwa leza kwa nia ya kuondoa rangi mara nyingi huishia kwa rangi kurudi. Upasuaji una nafasi yake, kwa waa linalomzuia mtoto kufumba jicho, linalochubuka daima, au dogo la usoni linaloweza kukatwa kwa mshono mmoja, na uamuzi wake unaweza kusubiri. Ila ieleweke: kukata ngozi hakugusi kilichomo ubongoni. Familia zinazouza shamba kwa ajili ya kukata waa la mtoto wa miezi 2, na picha ya MRI haijapigwa, zimeanzia mwisho.

Saratani ya ngozi ipo kama hatari, na tusiifiche. Kwa mwenye waa dogo ni chini ya 1 katika 100 kwa maisha yote. Kwa mwenye waa kubwa hupanda hadi kati ya 2 na 5 katika 100, na hupanda zaidi kwa mtoto ambaye MRI yake si safi. Huweza kuanzia ngozini au ndani ya kichwa. Kwa hiyo anayemkanda mtoto kwa mafuta ya nazi apitishe vidole juu ya waa polepole mara moja kwa mwezi. Kivimbe kipya kigumu kinachokua, kidonda kisichopona, damu, au mitoki iliyovimba jirani yake, visingoje miadi. Vivimbe vingi vya mwaka wa kwanza huwa si saratani, lakini jibu hilo hutolewa na darubini ya maabara yenye uzoefu, si na jicho. Zaidi ya hapo, ngozi ya waa ni kavu, huwasha, huchubuka upesi, na kubwa hutoa jasho kidogo, hivyo mtoto hupata joto sana wakati wa kaskazi. Pamba nyepesi, mafuta yasiyo na manukato mara mbili kwa siku, kucha fupi, kivuli saa za jua kali.

Ombi letu kwa wakuu wa afya wa kaunti zetu mbili, Lamu na Kilifi, ni mstari mmoja. Kwenye kila chumba cha kuzalia, kuanzia Faza hadi Watamu, muuguzi anapomkagua mtoto aandike kwenye kitabu: «mawaa meusi», na tarakimu mbele yake, hata kama ni sifuri. Kwa waliozaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga, mstari huo ujazwe kwenye chanjo ya wiki 6, ambayo huangukia siku mbili tu baada ya arobaini, mama anapotoka nje na mtoto wake. Tarakimu ikiwa 2 au zaidi, rufaa iandikwe siku hiyo. Akikosa wiki 6, iko wiki 10, iko wiki 14, na hapo zimebaki wiki 12 tu. Na muuguzi, kabla hajamrudishia mama kitabu chake, ahesabu miezi 6 tangu siku ya kuzaliwa na aiandike tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu juu ya jalada, mahali ambapo kila atakayekishika ataiona.

Ni sisi,
Wahudumu wa afya ya watoto,
Lamu na Malindi